Mchumba wangu alileta rimu za kung'aa, mama yangu akaambiwa apande bajaji

Admin, jina langu lizike kabisa. Mji wetu ni mdogo na mchumba wangu anaufuata ukurasa huu kuliko anavyonifuata mimi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nauza vitenge Rusimbi na naishi Kasingirima na mama yangu. Baba alishafariki. Mama ana kisukari, miguu inamvimba, na ni mtu wa mwili. Kwa ajili yake nilinunua kigari kidogo cha zamani, akae siti ya nyuma anyooshe miguu nimpeleke kliniki. Mahari yangu ilishapokelewa, bado kupanga siku ya ndoa tu.

Sasa rimu za kile kigari zilikuwa zimeliwa na kutu, mbili zimepinda kwa mashimo. Fundi wangu, mzee mmoja mtaratibu, aliniambia, "Binti, tafuta za chuma, inchi kumi na tatu kama hizi hizi. Na usihesabu matundu tu, pima tundu hadi tundu. Za matundu manne zipo ambazo hazilingani." Nikaandika kwenye karatasi. Mchumba wangu akaichukua mkononi mwangu, akasema mambo ya magari nimwachie mwanaume.

Akarudi na rimu za inchi kumi na tano, pana, zinang'aa kama sufuria mpya. Kuna mtu alizitoa Bujumbura. Nikahesabu matundu, manne. Sikupima. Nakiri zilinipendeza, na picha nilipiga nimeegemea gari kama mjinga. Hakunipeleka kwa fundi wangu, alizifungia kwa rafiki yake.

Siku ya kwanza mama kupanda, kila tuta tairi la nyuma linakwangua bodi, harufu ya mpira imejaa ndani. Nikasimama pembeni nikampigia mchumba, simu nimeweka spika. Akasema, "Gari halina tatizo, tatizo ni mzigo wa nyuma." Nikamwambia nyuma hakuna mzigo, yupo mama. Akacheka. "Si ndo huyo huyo. Mama ana kilo, bebi. Awe anapanda bajaji, mbona zipo nyingi."

Mama alisikia kila neno. Alitazama dirishani, akasema bajaji zina upepo mzuri. Tangu hapo akawa anapanda bajaji kweli, na mimi namwona anavyoshika chuma kwa mikono miwili ajivute, mguu haunyanyuki. Na mimi nikaacha iwe hivyo. Hapo najichukia pia, msinionee huruma.

Wiki mbili baadaye mama mdogo aliumwa kule Bangwe. Siku hiyo miguu ya mama ilivimba hata kandambili haziingii, nikasema bajaji leo hapana. Tukaenda polepole, linakwangua hivyo hivyo. Tulipokuwa tunashuka kuelekea ziwani usukani ukaanza kutetemeka, na kabla sijasimama tairi la mbele likachomoka. Nililiona linakwenda lenyewe mbele yetu, likavuka barabara likaingia mtaroni. Gari likainama upande mmoja, likaburuzika, likasimama. Mama alirushwa kwenye siti ya mbele, goti likachanika.

Nilimpigia mchumba, akafika na bodaboda. Mama amekaa mlangoni, mguu mmoja nje, anatetemeka, damu inatiririka. Yule mwanaume akampita. Hata pole hakusema. Alishuka mtaroni, akainua tairi, akatoa leso akaifuta rimu. Akasema, "Afadhali haijachubuka."

Jamani, nilitema mate pale pale barabarani.

Fundi wangu alipokuja aliitazama ile rimu, akaniita. Matundu yalikuwa yamechimbwa kwa drili kuelekea ndani, kila moja limekuwa refu kama yai, ili yaingie kwenye boliti zangu kwa lazima. Nati hazikuwa na pa kukaa. "Aliyetoboa hivi," akasema, "alijua haziingii." Nikamuuliza mchumba. Hakukataa wala hakuona haya. "Mafundi wote wanafanya. Ningezirudishaje, na picha nilishaposti?"

Tangu siku hiyo sauti yake inanikera. Jumapili alikuja kula kwetu, akawa analamba vidole vyenye mafuta ya samaki wetu mgebuka huku anamwambia mama apunguze ugali. Nilitoka nje nikakaa hadi alipoondoka. Mtu huyu ndiye nitakayelala naye kitanda kimoja.

Lakini kinachonikaba ni mama. Amewaambia baba zangu wadogo kwamba lile gari lilikuwa bovu siku nyingi na mimi nilikuwa nakimbiza. Amemfichia. Nilipomuuliza kwa nini, alinishika mkono akasema, "Mwana wanje, mwanangu, umri unakwenda. Usivunje ndoa kwa ajili ya miguu yangu. Mimi nina muda gani tena?"

Jumamosi hii watu wake wanakuja kupanga siku. Nikisema ukweli mbele ya wazee, mama yangu ataonekana mwongo kwa shemeji zake, na ameishi nao kwa heshima tangu baba afariki. Nikinyamaza, naolewa na mtu ambaye hata kikombe alichonywea nakiosha mara mbili, na mama atazeeka akiamini kwamba yeye ndiye mzigo.

Ndugu zangu mnaosoma, msiniambie nimwombee abadilike, na msiniambie wanaume ndivyo walivyo. Niambieni kitu kimoja tu: Jumamosi nifungue mdomo au niufunge?