Posa Ghorofa ya Kumi na Moja

Ndugu zangu wa Korogwe mmeniuliza sana habari za Kanada, lakini kila mtu aliniuliza harusini huku mdomo umejaa wali, nikashindwa kusimulia inavyostahili. Leo nimekaa chini, nieleze tangu mwanzo. Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na habari ya kurukaruka siipendi.

Nilikwenda Toronto mwaka 2013 kupokea posa. Eliwaza, binti wa kaka yangu Yohana, alikuwa huko mwaka wa sita akiwatunza wazee, akapata mchumba, kijana mmoja Mkongo aitwaye Pascal, asili yake Bukavu. Watu wa Pascal wanaishi hukohuko, wakataka kuja kuposa rasmi. Kaka akasema binti yake haposwi kwa simu. Tukaomba viza watatu: yeye, mdogo wetu Samweli na mimi. Nikapewa mimi peke yangu.

Stendi ya Korogwe, alfajiri, kaka alinishika mkono kupitia dirisha la basi. "Barua yao ipokee. Jibu nitatoa mimi. Na wakichelewa au wakisuasua, wewe usiwaite. Mwenye binti haiti mtu." Nikamwambia nimesikia. Njia nzima hadi Dar es Salaam nilikuwa naogopa, maana sijawahi kuona posa inapokewa na mwanamke mmoja, hana hata mtu wa kumnong'oneza.

Uwanja wa ndege wa Toronto tulifika jioni, siku ya Alhamisi. Eliwaza alinikumbatia nikahisi mifupa yake. Nikamwuliza kama huko Kanada hawali. Akacheka, akanivika koti zito lililonifika kwenye vifundo vya miguu, nikawa natembea kama gunia. Nilidhani tunakwenda kwake, mtaa wa Lawrence Heights. Kumbe anakaa chumba kimoja na wasichana wawili wa Kirundi.

"Pale hatuna hata pa kuweka ndoo, Shangazi," alisema. "Siwezi kuposwa kati ya vitanda vitatu."

Bibi mmoja anayetunzwa na Eliwaza ana binti mwenye cheo kwenye hoteli kubwa ya ufukweni. Yule binti, aliposikia habari ya posa, akampa Eliwaza chumba kwa siku tatu kama zawadi ya uchumba.

Hotelini tulifika giza linaingia. Jengo lenyewe ni zege tupu na vioo, limenyooka kila upande, halina hata ua moja la urembo. Kwetu mngesema fundi aliishiwa rangi akaondoka. Ndani kumetulia kama kanisa siku ya kazi. Lifti haipandi mpaka uiguse kwa kadi, na kadi ni moja tu, nikaifunga kwenye pindo la khanga. Chumba kilikuwa ghorofa ya kumi na moja: kuta nyeupe, meza nyembamba, viti viwili, kitanda cha kulaza familia nzima, na upande mmoja wote ni kioo kuanzia sakafuni hadi darini.

"Hii ni nyumba ya tajiri aliyehamia jana," nilimwambia Eliwaza. "Vyombo viko njiani."

Asubuhi ya Ijumaa niliamka nikaiona bahari. Jamani, niliipenda. Ilikuwa ya kijivu, kisha jua likatoka ikawa ya kijani, kisha bluu, na miti ya ufukweni ilikuwa myekundu kwa baridi ya mwezi wa kumi. Nilivuta kiti hadi kwenye kioo, nikanywa chai pale vikombe vitatu. Nikaelewa kwa nini hawakujaza vyombo chumbani.

"Hilo ni ziwa, Shangazi," alisema Eliwaza.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Haionekani."

"Basi ni bahari." Na hadi leo naiita bahari, asiyetaka aende akaitafute ng'ambo.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yenyewe, saa nane mchana. Eliwaza alikuwa amepika pilau kule kwake, tukaipitisha mapokezi ndani ya sanduku la nguo, lakini harufu ya pilau haina adabu, ilitutangulia mpaka kwenye lifti. Kulikuwa na jambo moja lililonikosesha raha tangu nilipofika, nalo ni kitanda. Wakwe hawakaribishwi mbele ya kitanda, hata kiwe cha mfalme. Nikafunga khanga mbili kwa ncha, nikazitundika toka kwenye mlango wa kabati hadi kwenye taa ndefu ya kusimama. Upande wa kioo ukawa sebule, upande wa pili nikamficha bibi harusi na kitanda chake. Simu yake nikaichukua, nikaifungia kwenye droo. Anayeposwa hachati na mchumba wakati wazee wanazungumza.

Saa nane ikafika. Saa nane na nusu nikasema, Waafrika sisi, tunajuana. Saa tisa nikafunika pilau upya. Saa kumi nilikuwa nimevimba kama andazi.

"Shangazi, nipe simu niulize," sauti ilitoka nyuma ya khanga.

"Umuulize nani? Uwaambie njooni mnichukue, nimechacha?"

"Labda wamepotea."

"Namba ya chumba uliwapa?"

"Niliwapa."

"Basi hawajapotea. Wametudharau."

Saa kumi na moja nikamsikia anavuta makamasi. Analia taratibu, hataki nisikie. Mtoto huyu nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa amelazwa, kilio chake nakijua. Kesho yake jioni nilikuwa na ndege, na bila posa hakuna ndoa, baba yake alishasema. Nilitamani nimwendee nimkumbatie, lakini na mimi machozi yalikuwa karibu. Nikamwambia naenda kupunga upepo. Nikatoka na ndala nyeupe za hoteli miguuni.

Chini, mlango wa lifti ulipofunguka, niliwaona. Wanaume wawili wenye suti zilizopigwa pasi na mama mmoja mwenye kitenge cha kijani na kilemba, wamekaa kwenye benchi refu jeupe kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Kapu lililofunikwa kitambaa lilikuwa miguuni pao. Mwanamume mkubwa zaidi, mwenye mvi, akaniona na khanga yangu, akasimama, akavua kofia. Hakusema neno. Na mimi sikusema. Alinijua, nami nilimjua.

Ndugu zangu, pale nilipata shida. Maneno ya kaka yalinisimama masikioni: usiwaite. Wao ndio wenye haja, waanze wao. Nikaangalia uso wa yule mzee. Haukuwa na dharau hata kidogo, ulikuwa umechoka tu. Nikajiambia, heshima si utumwa, nimewafundisha hivyo watoto wa watu, leo nishindwe mwenyewe kwa ajili ya mtoto wetu?

"Wageni, poleni," nikasema. "Mmekaa hapa, mnatafuta nini?"

Yule mama akapiga kigelegele, watu wa mapokezi wakageuka wote.

"Asante, Mama," akasema mzee. "Hilo ndilo swali tuko tunangojea tangu saa nane."

Akanieleza. Jina lake Mzee Bisimwa, ndiye mshenga, anafanya kazi kiwanda cha mikate Etobicoke. Kwao, watu wa posa hawaingii ndani mpaka mtu wa nyumba atoke awaulize wanachotafuta. "Tulifika, tukaenda kwa lifti, ikakataa. Nikawaambia wenzangu, bon, wametufungia mlango. Hii ni familia inajua desturi. Kijana wa mapokezi alikuja mara mbili kuuliza kama tunahitaji msaada. Tukamwambia merci, tunangojea watu wetu."

Nikakaa kwenye benchi lao. Ningeweza kunyamaza nikazichukua sifa zile, lakini nikamwambia ukweli: mlango hatukuufunga, lifti yenyewe haipandi bila kadi, na kadi ilikuwa kwenye pindo langu. Mzee Bisimwa alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho.

Ghorofa ya kumi na moja tulikaa mbele ya kioo, wazee kwenye viti, mimi na Mama Furaha, shangazi yake Pascal, juu ya masanduku. Pilau ilikuwa ya uvuguvugu, wakaila yote. Mzee Bisimwa aligeuza kiti chake kuelekea maji.

"Nyumba yetu Bukavu ilitazama ziwa. Tangu tukimbie sijakaa mbele ya maji namna hii."

Kisha akatoa barua. Nikauliza niliyotumwa kuuliza, na mengine ambayo sikutumwa. Akiugua, nani atamwuguza? Wakigombana, atakimbilia nyumba gani? Hapo Mama Furaha ndiye aliyenijibu.

"Mama, kwetu nyumba haiko tena. Tuko na watu tu. Ni hao watu tunamletea mtoto wako."

Nilikuwa nimeambiwa nipokee barua, basi. Lakini nilimtazama yule mama, nikaona vidole vya Eliwaza vimeshika ukingo wa khanga kwa nyuma. Nikasema, "Mtoto ni wenu." Taa ndefu ikaanguka na khanga zote, maana Eliwaza alitoka bila kungoja kuitwa. Tulipofungua droo, simu ilikuwa na simu thelathini zisizopokewa, zote za Pascal, aliyebaki kwao akingoja habari.

Jumapili jioni nikapanda ndege. Kabla ya kuondoka nilikaa tena kwenye kile kioo hadi Eliwaza aliponivuta mkono.

Korogwe nilifika Jumanne. Kaka alikuwa barazani, hakuniuliza habari za ndege wala baridi.

"Walikuja kwa heshima?"

"Walikaa kule ghorofa ya chini kwa saa tatu wakingoja, hawakunung'unika."

"Nani alianza kusema?"

Ningeweza kumdanganya, nani angemwambia? "Mimi, kaka. Na jibu nimeshatoa."

Akakoroga chai yake iliyokwisha kupoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake, hata maneno ya kumjibu nilikuwa nayo.

"Ningekwenda mimi," akasema, "ningekaa huko juu mpaka siku ya ndege."

"Na wao wangekaa chini."

"Na mtoto angekuwa katikati yetu." Akasukuma kikombe pembeni, akaniomba namba ya Mzee Bisimwa, akapiga mwenyewe.