Aliyeketi Penye Viatu

Sina elimu kubwa, niliishia darasa la nane Msambweni, lakini akili zangu ni timamu na siku ile sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia aliniuliza kama nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, tena nimeshiba, na jua la Jeddah lilikuwa linawaka utosini. Nani aliwadanganya kwamba mambo haya ni ya usiku tu?

Mimi nafanya kazi za nyumbani Riyadh. Kaka yangu Salim na mkewe Mwanajuma walikuwa wamekaa miaka kumi na mmoja bila mtoto. Wifi alikuwa na mdogo wake wa baba mmoja, Rukia, aliyekuja Jeddah kutafuta maisha akafariki kwa uzazi kule Karantina, mtaa wa wahamiaji maskini. Mimi na Rukia hatukuwahi kuonana. Aliacha mtoto wa kike, Nuru. Wanawake wenzake wa Karantina walimlea kwa zamu, leo chumba hiki kesho kile, mpaka karatasi zikakamilika, na kaka na wifi wakaja kumchukua awe mtoto wao.

Basi wiki hiyo hiyo madam wangu naye akaenda Jeddah kumwona mamake, mtaa wa Al-Hamra, akanibeba. Nikamwomba siku moja. Akasema, "Yalla, Ijumaa yako. Magharibi uwe mlangoni."

Niliipanga Ijumaa ile kama harusi. Kesho yake ndiyo walikuwa wanaruka kurudi Kenya, na mimi nilitaka Nuru aondoke ameiona Jeddah kwa furaha, siyo Karantina peke yake. Nilimnunulia utepe wa nywele, mwekundu na wa manjano. Nilishaota atasukwa nao mpaka aende shule.

Salim aliponiona tu, "Hee, umenona! Huko Riyadh unawapikia au wanakupikia?"

"Nakula mabaki yao, kaka, na mabaki yao ni mbuzi mzima."

Tukazunguka Balad, kwenye majumba ya zamani yenye madirisha ya mbao. Nuru alikuwa na mwaka na nusu. Siku tisa nzima alikuwa akilia kila wifi akimgusa, hataki kushikwa naye kabisa. Tukakaa kivulini kula aiskrimu, na pale, bila kubembelezwa, akanyoosha mikono, akamwangukia wifi begani, akalala. Wallahi nililia. Wifi alitembea kama mtu aliyebeba bakuli la maji lililojaa hadi ukingoni. Salim akimtania, ananong'ona, "Usinichekeshe, mume wangu. Ataamka."

Alasiri tulikuwa ufukweni, adhana ikaita. Salim akaingia msikitini upande wa wanaume. Mimi siku hizo nilikuwa siswali, na nyinyi wanawake mnajua: asiyeswali haingii, hukaa nje mlangoni na kushika watoto wa wanaoswali. Wifi akanipa Nuru, akaniangalia mara mbili, akaingia. Nikaketi kibarazani penye viatu.

Akaja mwanamke, akaketi karibu yangu. Kafunika uso kama wengi wa pale. Hakuwa na viatu. Vigae vile vya nje, kwa jua lile, ungekaanga yai, na yeye alivikanyaga polepole. Ananukia karafuu maiti. Nikafikiri abaya yake imekaa sana kabatini.

Nikamsemesha kwa Kiswahili, mpaka leo sijui kwa nini. "Na wewe huswali?"

Akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu kabisa. "Mimi siswali tena."

Nikacheka. "Una raha. Mimi Jumapili naanza."

Akamtazama Nuru kwa muda. "Mtoto mzuri," akasema.

Sasa nisikilizeni. Nyumbani kwa madam, mgeni akisifia kitu, kikombe, hereni, chochote, madam humwambia ni chako, chukua. Mgeni hucheka, hukataa, halas, hayo ndiyo mapokezi yao. Mimi niliupenda sana ungwana huo. Nilijiona bibi mkubwa nikiutumia.

"Wako huyo, dada," nikasema.

Hakucheka. Hakukataa. "Wangu?"

"Wako."

"Hutanigeuka?"

"Nikugeuke nini, dada wewe! Mchukue."

Akampakata. Nuru, mtoto wa kulia kila akishikwa na mgeni, akaingiza uso ndani ya ile abaya akacheka kwa sauti. Nikaona mkono wa kushoto wa yule mwanamke una kovu la moto, linang'aa kutoka kifundo mpaka vidoleni. Halafu sala ikaisha, wanawake wakatoka kwa wingi wakitafuta viatu vyao, na katika msukumano ule nikamkuta Nuru amerudi mapajani mwangu. Upande wake mmoja ulikuwa baridi, kama aliyeegemezwa kwenye friji. Mwanamke hayupo.

Wifi akamnyanyua. "Ananuka nini huyu? Nani alimshika?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kovu akaketi palepale katikati ya viatu vya watu.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Ni uji," akasema. "Ulimmwagikia akiwa kwangu. Nilimwacha jikoni dakika moja tu, alikuwa na miaka sita." Kisha akanishika magoti. "Rukia alikwambia nini?"

"Alisema mtoto mzuri."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Nikamwangalia usoni wifi yangu. "Sikujibu kitu."

Tangu saa ile Nuru hakumtaka tena wifi. Hakulia, heri angelia. Wifi akifungua mikono, mtoto anatazama nyuma ya bega lake na kunyooshea mikono mahali pasipo mtu. Magharibi nilikuwa mlangoni kwa madam kama nilivyoahidi. Alfajiri Salim akapiga simu: homa. Ndege ikaondoka bila wao. Jumatatu Nuru akafariki hospitalini. Madaktari walimtajia kaka jina la ugonjwa, hakuweza kulishika. Wakamzika hukohuko, kaburi halina jina, kama la mamake. Wifi akarudi Kenya na utepe wa nywele.

Mimi hujiuliza, ningesema pale pale ingekuwaje? Labda wifi angekimbia kumtafuta kati ya wale wanawake, akamwomba, dada kwa dada. Labda Rukia angemwonea huruma. Muda ulikuwepo. Niliula mimi.

Sasa madam amejifungua. Wageni wakimsifia mtoto, mimi namkumbatia kwa mikono miwili, namwingiza ndani bila neno. Wananiita mafi adabu, msichana asiye na adabu. Waniite.

Nawe unayesoma, mtoto wa watu usimtoe kwa mdomo, hata kwa mzaha, hata kwa ungwana. Na kama ulimi umeshateleza, mwambie mamake saa ileile, aibu yako baadaye.

Wifi bado hunipigia. Hasalimii kwanza. Huuliza tu, "Kweli hukumjibu kitu?" Nami humwambia, kweli, wifi.

Kama haya yamekufikia, wifi: nilimjibu. Nilimjibu mara tatu.