Vita Vilipobadilisha Sauti ya Jarida Letu

Nakumbuka siku moja kule Bukavu, wanangu, kabla vita havijatufikia, tulipotoa jarida letu la kwanza la sanaa. Tulikuwa vijana wanne wenye mashine ya kuchapia ya kuzungushwa kwa mkono. Tulichora nyuso zenye jicho kidevuni na mdomo kwenye paji la uso, na mashairi yetu yalisomwa kutoka chini kwenda juu. Watu wakinuna, sisi tunafurahi. Tuliamini kazi ya sanaa ni kumwamsha aliyelala, na hata leo sikatai. Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Kisha vita vikaja. Watu waliokimbia vijiji vyao wakajaa uwanja wa kanisa. Wenzangu walitaka tufunge jarida. Mimi nilitaka tupige kelele zaidi. Nikachora ukurasa mzima wa askari wenye vichwa vya nyundo, nikampelekea Mama Bahati, mjane aliyetuazima chumba cha kuchapia.

Akautazama, akaguna. "Hii itamsaidia nani? Wenye bunduki hawasomi jarida lako. Njoo."

Akanipeleka uwanjani kwa bibi mmoja aliyeegemea ukuta. Tangu afike hakuwa amesema neno. Hakuna aliyejua jina lake wala alikotoka.

"Mchore huyu," akasema Mama Bahati. "Lakini macho uyaache pale Mungu alipoyaweka."

Nikachora kovu la shavuni, sikio lenye pengo, midomo iliyokauka. Sikuwa nimewahi kumtazama binadamu kiasi kile. Wenzangu walipouona mchoro, wakaja nao kuchora. Toleo lile likawa la nyuso za waliopoteana na ndugu zao, na chini ya kila uso maneno machache yaliyonyooka. Tukazibandika kurasa zake sokoni na milangoni mwa makanisa.

Haikupita wiki, mwanamke akaja mbio na karatasi yetu mkononi, akapiga magoti mbele ya yule bibi. "Mama!" Bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akatamka neno lake la kwanza: jina la binti yake. Mimi nililia hadharani, bila haya.

Jarida halikurudi lilivyokuwa. Lakini ukurasa wa mwisho tuliuacha kwa vituko vyetu, maana Mama Bahati mwenyewe alituomba. "Hata aliyefiwa hucheka," alisema, "msimnyime."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Jana, hapa ugenini, mtaani kwetu Vickery Meadow, nimewasikia mkigombana juu ya jarida lenu, tangu habari za vita vya nyumbani ziingie kwenye simu zenu. Wewe Neema ulisema, "Papa, tuki-print vichekesho sasa, watu watasema hatuna moyo." Dada yako anataka mwache kabisa.

Msiache, wanangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na jarida nalo ni hivyo hivyo. Wakati wa vita teremsheni sauti, semeni wazi, mtazameni mtu mmoja mmoja kabla ya kumchora. Lakini vita visiwapokonye mchezo wote. Acheni mahali pa kicheko, hata pawe padogo.

Mungu ailinde mikono yenu, awape macho ya kuona na ulimi usioumiza. Na kazi yenu imfikie anayeingoja, popote alipo. Amina.