Viroboto Maji Vya Dirishani

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika kijiji kimoja cha Shinyanga, miaka ya sabini, wakati watu walikuwa wamehamishwa juzijuzi kukaa pamoja na hakuna aliyemjua jirani yake vizuri. Kwa ajili ya somo nilichota maji ya lambo kwenye chupa ya kioo, nikaiweka dirishani. Ndani mlikuwa na viroboto maji, vidudu vidogo kama punje za ulezi, vikirukaruka. Siku ya pili vikaanza kupungua.

Mizoga sikuiona. Mimi si mtu wa kuchezewa, na aliyezoea kuingia kwangu alikuwa mmoja tu: bibi jirani, mjane, aliyekuja jioni kuomba kaa la moto. Kila akija aliichungulia chupa na kusema, "Mwalimu, viumbe vya maji havikai nyumbani." Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nikawa nafunga mlango kwa kufuli nikienda shule. Vikazidi kupungua. Anaingiaje huyu?

Nikaacha kumwamkia. Tulipishana lamboni, watu wamejaa, nikampita bila shikamoo. Usukumani, mwalimu akimnyima bibi kizee shikamoo hadharani, watu hawaulizi sababu; wanajijazia wenyewe. Nililijua hilo. Nilikuwa na hasira, nikawaacha wajaze.

Wanawake wakaanza kumkwepa njiani. Kaa la moto hakupewa tena. Mama wa nyumba ya pili akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kumbe hata wewe umemshtukia kuwa ni mchawi?" Nikafunga kufuli langu, nikaenda shule.

Wiki ilipokwisha niliazima lenzi kwa mwalimu mwenzangu wa Ibadakuli, nikaisogeza chupa juani. Mahali nilipodhani ni maji matupu, kitu kikajikunja: kiluwiluwi cha usubi, mwili wake unapenywa na mwanga, huoni ila vidoa vyeusi viwili. Kiroboto maji kikapita karibu. Kikanaswa, kikamezwa. Mwindaji nilikuwa nimemchota mwenyewe, siku ile ya kwanza. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Nikaenda mbio kumwomba radhi bibi. Mlango wake ulikuwa wazi, mafiga yamepoa, vyungu havipo. Yule mama wa nyumba ya pili akanijia akitabasamu.

"Usihangaike tena, mwalimu," akasema. "Wanaume wamemfukuza kijijini alfajiri. Tumekuondolea."

Alisimama akisubiri neno langu. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema asante.