Mama Desimali na Gari Mlevi

Mdomo, jamani, mdomo! Ofisini walimwita Mama Desimali kwa sababu hakuwahi kukubali saba iitwe saba kama ilikuwa saba nukta mbili. Lakini siku ya kikao alizisahau desimali zake zote, akasema bila hata kuulizwa, "Lile gari la zamani linakunywa mafuta kama nini. Liuzwe."

Kazi yake pale kwenye ghala la dawa ilikuwa kusimamia magari matatu yanayopeleka mizigo kwenye zahanati. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kozi ya takwimu ya jioni, na kiherehere kilimwasha, akitaka meneja ajue kwamba humu ndani kuna msomi. Meneja akajua. "Vizuri," akasema. "Na dereva wake naye akapumzike, umri umekwenda. Niletee mahesabu nisaini."

Hapo roho ikamruka. Dereva mwenyewe ni mzee Taratibu, ambaye amebakiza miaka miwili astaafu, na akiondolewa sasa kiinua mgongo chake kinakatwa nusu. Mama Desimali hakumfikiria hata kidogo alipofungua domo. Alijifikiria yeye, na cheti chake, na jinsi neno "takwimu" linavyopendeza mdomoni.

Akajipa moyo kwamba mahesabu ndiyo yatakayoamua. Akaagiza kila gari lijazwe tangi mpaka shingoni, lipite njia ile ile na mzigo ule ule, kisha lirudi lijazwe tena, na safari hizo zirudiwe mara nyingi huku madereva wakipokezana. Pale pampu alisimama mwenyewe, ameinama, miwani ikikaribia kutumbukia tangini. Nyumbani mumewe akamuuliza kwa upole kama amebadilisha kazi, maana shuka zimeanza kunuka petroli.

Majibu yalipotoka, gari la zamani lilikuwa la mwisho. Kilometa zake kwa kila lita zilikuwa chache kidogo kuliko za wenzake. Mama Desimali akapiga meza kwa furaha, halafu akakumbuka dereva, akaona haya mbele ya kompyuta.

Tena hesabu ilikuwa haijaisha. Uchanganuzi wa tofauti aliofundishwa kule kozini hauishii kwenye wastani. Unauliza kama pengo kati ya gari na gari linazidi kweli yale mapengo ya gari moja lenyewe, leo na kesho. Na hapa halikuzidi. Magari mapya siku ya foleni yalikunywa kuliko la zamani siku ya barabara nyeupe. Kale kapengo kangeweza kuwa bahati tu. Akarudia hesabu, akafuta kioo cha kompyuta kwa upindo wa kitenge kana kwamba kosa ni vumbi, akarudia tena. Jibu halikubadilika.

Angeweza kuonyesha wastani peke yake. Nani angemuuliza? Alilala na wazo hilo, likamkaba, akaamka nalo akiwa amelichukia.

"Kwa hiyo la mwisho ni lipi?" meneja akauliza kikaoni.

"La zamani, bosi, lakini..."

"Basi." Kalamu ikatoka.

"Ngoja kwanza." Akaanza kueleza habari za wastani na mtawanyiko, akaona macho ya watu yanafifia. Akashusha pumzi. "Mimi nikienda kwa dada yangu huwa tunapanda mizani yake. Juzi nilimshinda kwa nusu kilo, nikamtambia mpaka nikaondoka. Lakini mimi huyu huyu, asubuhi na jioni, napishana kilo moja na nusu. Sasa hiyo nusu kilo inasema nini juu yetu?"

"Inasema nyote mmenenepa," mhasibu akadakia.

Watu wakaangua kicheko, na mwenye kilo zake akacheka nao. "Ndiyo hivyo. Na magari yote matatu yanakunywa. Kulitoa hilo moja kwa kisingizio cha mafuta ni kulionea, na dereva wake pia."

Meneja akamkazia macho. "Na aliyesema linakunywa kama nini alikuwa nani?"

"Mimi. Nilisema kabla sijapima."

Kalamu ikarudi mfukoni. Gari likabaki, na mzee akabaki nalo.

Alimkuta nje akifuta kioo cha mbele, polepole kama jina lake. Mzee akaweka kitambaa chini, akampa mkono.

"Nimesikia umenitetea, mama. Asante sana."

"Usijali, mzee wangu."

"Sijui tu ni nani aliyenichongea. Nimemwombea Mungu amsamehe."

"Amina," akasema Mama Desimali, na maishani mwake hakuwahi kuitikia dua kwa moyo kama siku ile.