Homoni za Kijana

Jirani yangu, yule mwimba besi wa kanisani, kila asubuhi husimama nyuma ya banda langu la nguruwe, mkono mmoja ukutani, akivumisha wimbo ili tusisikie matone. Wimbo huisha, matone bado. Zahanati haiendei, kwa sababu muuguzi Lesieli ni binti wa mama yake mdogo, na hapa Tonga mtu na dada yake hawatajiani mambo ya chini ya kitovu. Tumbo lilipomvimba nikamburuta mwenyewe, maana mimi si dada yake. Akatolewa damu. Siku ya majibu wakapeana migongo, mimi nikawa mdomo wao.

“Mama, mwambie kaka tezi dume imekua, mkojo unarudi nyuma, figo zinachoka. Ijumaa anakuja daktari mwanamume amwekee mpira wa kutolea mkojo.”

“Muulize, na homoni za kiume?”

“Mwambie ziko kama za kijana.”

Akatoka kifua mbele. Ijumaa daktari alingoja mpaka mashua yake ikapiga honi ya kuondoka. Mwenye figo alikuwa kwenye duara la wanywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, uso umemvimba, anawasimulia wanaume homoni zake. Wakampigia makofi, wakamjazia kifuu kingine.