Nambari Moja kwa Alama 255

Muhula ule shule yetu ya Voi ilikuwa na kompyuta mbili, na naibu wa mwalimu mkuu aliziogopa zote sawasawa. Kwa hivyo akatuachia mimi na rafiki yangu, kijana wa Mghange, tuandike programu ya kupanga matokeo ya hesabu. Yeye alijua Pascal, mimi nilijua C, lugha mbili za kuandikia programu, tukagawana: C yangu isome alama, Pascal yake ipange na kuchapisha.

Shida ni kwamba mtihani wenyewe sikuufanya. Asubuhi hiyo tembo aliingia shamba la mahindi nyuma ya reli, na huwezi kumwacha tembo uende kutafuta thamani ya x. Sheria ya shule: ukikosa mtihani, mzazi anaitwa. Mzazi wangu alikuwa mtu wa ishara za treni pale stesheni, na hakupenda kuitwa na yeyote asiye treni.

C yangu ikikuta jina halina alama, inarudisha hasi moja, yaani "hapa kuna kasoro."

"Ukiona hasi moja, andika 'hakufanya'," nilimwambia mwenzangu, nikiomba kimoyomoyo asahau.

"Poa," akasema, mdomo umejaa mandazi.

Akasahau kweli. Tena ndani ya Pascal yake alikuwa amepokea nambari yangu kwa kisanduku kinachojua sifuri hadi 255 tu. Hasi hakiijui. Hasi moja ikitumbukia humo, inarudi nyuma ya sifuri, inazunguka hadi mwisho, inatoka 255.

Jumatatu gwarideni naibu akasoma. "Nambari moja, alama mia mbili hamsini na tano." Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Kompyuta haidanganyi. Mpigieni makofi ya kilo."

Shule nzima ikapiga. Msichana wa Njukini, aliyepata tisini na moja kwa jasho lake, alipiga pia, huku akinitazama kama anayenichagulia kaburi.

"Na mzazi wake aitwe," naibu akaongeza. "Tumpongeze."

Baba akaja mchana na sare yake ya reli, bendera nyekundu kwapani. Akasoma karatasi polepole.

"Hii ni kati ya ngapi, mwalimu?"

"Mia."

Baba akakohoa. "Kule kazini, mwenzangu wa stesheni ya pili akinipigia kengele ya hatari, mimi siandiki kwa daftari kwamba amenisalimia." Kisha akanigeukia. "Wewe siku ya mtihani ulikuwa wapi?"

Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa anafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

"Kwa tembo, baba."

Nilifanya mtihani jioni hiyo hiyo, ofisini kwa naibu, baba ameketi kando, bendera magotini. Nilipata thelathini na nne. Mwenzangu akaiingiza, na Pascal yake, safari hii, ikaisoma vizuri kabisa.